Uani kwa A-po

Wanangu mnaoniandikia kwenye kundi letu la simu mkiuliza, "Bi Mwanaidi, tuanzie wapi?", nawajibu mara moja, na jibu ni la wote: anzeni kwa kukaa. Msinunue jembe, msinunue mbegu, msipige picha. Chukueni kiti mkikalie. Mimi mwenyewe, baada ya miaka arobaini na mitatu ya kushika udongo, nilikuja Guangzhou nikasahau kukaa, na kusahau huko nusura kutufukuzishe nyumba, mimi na mwanangu.

Nilianza kazi ya bustani nikiwa msichana kule Lushoto, kwenye nyumba ya watawa, nikaimalizia Dar es Salaam kwenye hoteli moja ya ufukweni. Siku niliyopewa barua ya kustaafu na saa ya ukutani, binti yangu Zuhura akanipigia simu kutoka China.

"Mama, njoo ukae na mimi. Huku utapumzika."

Nikaja. Huko kupumzika sijakuona.

Zuhura hununua nguo za watoto pale soko la Shahe na kuzituma Dar na Zanzibar. Alikuwa amepanga nyumba nzima ya zamani upande wa Haizhu, ya orofa mbili. Juu alilaza wafanyabiashara wanaokuja kununua mali, chini ni jiko, sebule na stoo ya marobota. Kazi yangu ilikuwa kupika na kuwapokea wageni. Tatizo ni kwamba wageni walikuwa wanakuja mara moja tu. Mtu alilala usiku mmoja, kesho yake unamsikia anaulizia hoteli za Guangyuan Xilu. Nikamuuliza Zuhura kulikoni. Akanionyesha mlango wa nyuma, uliokuwa umebanwa kwa robota.

"Usifungue, Mama. Mbu."

Nikafungua. Wanangu, nimeona viwanja vingi vilivyotelekezwa, lakini ule ulinishinda. Ulikuwa ua wa mita kumi kwa saba hivi, umezungukwa na majumba marefu yaliyokaribiana mpaka majirani wangeweza kupeana chumvi dirishani. Ndani yake magugu yalinifika kifuani. Kulikuwa na mifuko ya marobota, mabati, henga kwa mamia, na sanamu za dukani zile za kuvalisha nguo, zimelala kifudifudi kama watu walioshindwa vita. Maji meusi yalituama kona ya kushoto. Mbu walinipokea kwa furaha.

Mwenye nyumba alikuwa bibi wa miaka sabini na kitu, mfupi, mwenye sauti ya kengele. Mtaa mzima walimwita A-po, yaani bibi, na sisi tukamwita hivyo hivyo. Wiki ya pili tangu nifike akaja na karatasi mkononi. Wakaguzi wa mtaa walikuwa wamempa onyo kwa sababu ya mbu. Akamwambia Zuhura, naye Zuhura akanitafsiria: ua wote utamwagwa simenti. Mkataba wetu ukiisha mwezi wa nne mwakani, atatafuta mpangaji wa karakana ya pikipiki.

Zuhura alikuwa amechoka kiasi kwamba hakubisha. "Simenti si mbaya, Mama," akaniambia A-po alipoondoka. "Itamaliza mbu. Nyumba tutatafuta nyingine."

"Na hawa wapangaji wako? Na miaka minne uliyoitunza nyumba hii?"

"Sasa nifanyeje?"

Nikamwambia aniachie mimi. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Hapo ndipo nilipoanza kukosea.

Kwanza niwaeleze nilichotaka kufanya, maana wengi mnaniuliza hii bustani yangu ni ya namna gani. Si ile ya hotelini, nyasi zimenyolewa na maua yamepangwa mstari kama askari. Ni ile niliyoikuta Lushoto kwa watawa, ambayo zamani Wazungu waliifanya kwenye vijumba vyao vya mashambani: mawaridi yanapanda ukutani, maua marefu na mafupi yamesongamana, mrehani umekaa na kosmosi, kabichi imejibanza chini ya waridi, njia inapinda usijue mbele kuna nini, na mwisho wa njia pana mahali pa kukaa na kikombe cha chai. Ukiitazama kwa haraka utasema imejiotea yenyewe, kumbe kila shina lilifikiriwa.

Aliyenifundisha ni Mzee Shekiondo, mkuu wa bustani ile, Msambaa mwembamba aliyevaa koti la suti hata akichota samadi. Mwaka wangu wa kwanza nilitaka kumfurahisha, nikachukua mkasi nikapogoa haidrenjia zote za mbele ya kanisa, nikazifanya duara safi kama mipira. Miezi mitatu baadaye askofu akaja. Bustani nzima imechanua, ila mbele ya kanisa ni majani matupu. Nilikuwa nimekata vichipukizi vyote vya maua.

Nilingoja kufukuzwa. Mzee Shekiondo akaniletea kiti.

"Kaa hapa mbele ya hiki kichaka," akasema. "Kila asubuhi, wiki nzima. Siku utakayoweza kuniambia chipukizi lipi ni la jani na lipi ni la ua, ndipo nitakurudishia mkasi."

Ilinichukua siku tisa. Tangu hapo, kila nilipopewa kiwanja kipya nilikikalia kwanza. Isipokuwa hapa Guangzhou. Nilijiona mwalimu, na mwalimu nani amletee kiti?

Basi mwezi wa tatu nikaingia kazini. Kusafisha peke yake kulikuwa vita. Mpangaji wetu mmoja tu wa kudumu, Papa Dieudonné wa Lubumbashi, mnene, mcha Mungu, mnunuzi wa suti za wanaume, alinihurumia. Kila alipotoka sokoni alivua koti, akakunja mikono ya shati na kubeba takataka pamoja nami.

"Maman," aliniambia siku ile tulipochomoa sanamu ya kumi na nne, "hii parcelle yako njo cimetière kabisa." Yaani kiwanja changu ni makaburi.

Majirani wakafungua madirisha kututazama. Fikirini: mama mweusi mwenye khanga na baba mwenye tai wamekumbatia miguu ya plastiki wanaipeleka jalalani. Mtoto mmoja dirishani alipiga kelele, mamake akamvuta ndani.

Tulipofika ardhini nikafurahi. Udongo ulikuwa mweusi. Sikuuliza kitu, sikupima kitu. Nikavuka mto hadi soko la maua la Fangcun, nikarudi na mawaridi, marigoldi, mbegu za kosmosi, vyungu na visahani vya kuwekea chini yake. Nikapanda kila kitu mwezi wa nne, kama ambavyo ningepanda Lushoto masika yanapoanza. Kwa kuongeza tu utaalamu wangu, nikatia samadi ya kuku ambayo haijaiva.

Lugha yetu ina utani wake. Nilikuta ua, nikatia maua, nikayaua.

Hapa mwezi wa nne kuna majira ambayo kuta zinatoka jasho. Unapangusa sakafu, inalowa tena unaiangalia. Halafu zikaja mvua zenyewe, na joto lake. Samadi ikanuka mpaka orofa ya sita ya majirani. Mawaridi yakapata madoa meusi, yakapukutisha majani yote kama yamevuliwa. Marigoldi zikageuka uji. Kona ya kushoto ikawa bwawa tena.

Kisha akaja mkaguzi wa mtaa, dada kijana mwenye kitambulisho shingoni na upawa mweupe wa plastiki. Alipita akichota maji kidogo kila alipoyaona. Akafika kwenye visahani vyangu, vile nilivyoviweka mwenyewe chini ya vyungu kwa mpangilio mzuri. Akachota. Akanionyesha. Ndani ya upawa viluwiluwi vya mbu vilikuwa vinacheza ngoma.

Wanangu, nimeaibika mara kadhaa maishani, lakini ile ilinichoma. Zamani mbu walikuwa wa takataka. Safari hii walikuwa wangu.

A-po akaletewa onyo la pili. Akaja, akasimama mlangoni bila kuingia, akatazama maiti za mawaridi yangu na kutamka neno moja ambalo halikuhitaji mkalimani.

"Bu xing." Haiwezekani.

Akaeleza kwamba mwanawe ndiye mwenye watu wa ujenzi, ila ana kazi mji mwingine hadi mwakani. Akirudi ataleta simenti. Mpaka wakati huo nichezee udongo nipendavyo, mradi maji yasituame.

Jioni ile Zuhura alikaa mezani bila kula. Nilijua atalia kabla hajalia.

"Mama, nilikuita upumzike," akasema. "Mimi naamka alfajiri nakimbilia Shahe, narudi napanga marobota, wageni wanaondoka, sasa na mtaa mzima unatucheka. Tafadhali, acha."

Niliinuka nikaosha vyombo. Alikuwa na haki, nami nilikuwa nimeshaamua kutoacha. Mambo yote mawili yanaweza kukaa ndani ya mtu mmoja.

Nikang'oa vilivyokufa, nikafukia visahani vyote, nikangoja. Mvua zilipoanza kupungua, mwishoni mwa mwezi wa nane, nikachukua kiti cha jikoni nikakiweka katikati ya ule ua mtupu. Nikakaa.

Papa Dieudonné alipita akanikuta. "Maman, uko unangoja nani?"

"Nangoja jua."

Akatikisa kichwa akaenda zake.

Siku ya kwanza niliona jambo ambalo mpumbavu yeyote angeliona mwezi wa tatu: jua huingia uani kwa kupitia mwanya mmoja kati ya majumba mawili, linafika saa tatu asubuhi, linatembea ukutani upande wa kulia, saa saba limeondoka. Nilikuwa nimepanda mawaridi kushoto, gizani. Siku ya pili mvua ndogo ilinyesha, nikaona maji ya paa la jirani yanamwagikia kwetu kupitia mfereji uliovunjika, yanakimbilia kona ile ile. Siku ya tatu nikachimba shimo la kina cha mkono, nikalijaza maji, nikaliangalia. Mpaka jioni maji yalikuwa bado yapo. Chini ya ule udongo mweusi palikuwa na sakafu ya zamani ya matofali. Mawaridi yangu yalikuwa yamepandwa kwenye beseni.

Siku ya nne nikainua macho. Juu ya paa la nyumba nyingine ya jirani, anakoishi A-po mwenyewe, nikaona majani. Mabichi, manene, yenye afya. Nikapanda ngazi hadi juu, pumzi zikanikatika, nikasukuma mlango.

Paa zima lilikuwa shamba. Mboga kwenye maboksi meupe ya foma, kila boksi limeinuliwa kwa matofali mawili, limetobolewa chini, halina hata tone la maji lililolala. Vitunguu majani, mchicha, ile mboga yao yenye mashina matamu. A-po alikuwa amechuchumaa akimwaga majani ya chai yaliyotumika ndani ya ndoo, anayachanganya na maganda ya machungwa na udongo. Alishtuka kuniona.

Nikachuchumaa pembeni yake. Nikachota mchanganyiko ule kiganjani, nikaunusa. Ulinukia kama ardhi ikinyeshewa mara ya kwanza. Nikamwonyesha dole gumba. Kisha nikatoa simu, nikaongea Kiswahili polepole ili itafsiri: "Bibi, mimi nimefanya kazi hii miaka mingi, lakini hapa kwenu sijui. Nifundishe."

Simu ikasema maneno yake. A-po akaweka ndoo chini. Halafu akacheka, cheko la mtu aliyengoja jambo hilo tangu mwezi wa nne, akaniwekea jembe dogo mkononi.

Vijana, mkibaki na kitu kimoja katika haya yote, chukueni hiki. Nilikuwa na miaka sitini na moja, na nilipata mwalimu wa pili wa maisha yangu juu ya paa, tena ndiye aliyetaka kunifukuza.

Alinifundisha kwamba hapa saa ya kupanda ni baada ya sikukuu yao ya mwezi mpevu, mvua zikiisha na ubaridi ukianza kunukia. Majira ya baridi ya Guangzhou ndiyo masika ya Lushoto. Alinifundisha kuinua kila kitu. Nami nikarudi chini nikafumua matofali ya sakafu ile ya zamani, nikayavunja, nikayatandaza kuwa msingi, juu yake nikajenga matuta yanayofika magotini. Mfereji wa jirani niliuziba kwa ruhusa yake na bakuli la pilau. Maji ya kona ya kushoto nikayaelekeza kwenye mtungi mkubwa wa udongo ambao A-po alikuwa hautumii. Ndani nikatia visamaki vidogo vya sokoni, vile vinavyokula viluwiluwi.

Kwa mboji nilipita nyumba kwa nyumba. Watu wa huku wanakunywa chai tangu wanapoamka mpaka wanapolala, na majani yote yanatupwa. Nikagawa ndoo. Maboksi ya mali ya Zuhura nikayachana vipande, nikayapanga: tabaka la karatasi, tabaka la chai na maganda, tabaka la udongo. Geuza kila wiki. Ukiingiza mkono ukakuta joto, inafanya kazi. Ukikuta harufu mbaya, imelowa mno, ongeza karatasi. Ikinukia udongo, imeiva. Msiwe na haraka kama mimi na kuku wangu.

Tulibishana juu ya jambo moja tu. A-po aliona maua ni upuuzi. Aliandika kwenye simu yake, ikasema kwa sauti ya kike ya mashine: "Ua haliliwi."

Nikamjibu, "Basi tuchanganye."

Tukachanganya. Mboga yake ile ya mashina matamu tukaipanda katikati ya kosmosi. Vitunguu majani tukavizungushia mawaridi. Mrehani, mchaichai na mnanaa vikakaa ukingoni mwa njia, mtu akipita nguo yake inavigusa na harufu inapanda. Zinia na maua yale marefu yanayosimama kama fimbo nikayaweka nyuma, ila machache nikayaruhusu mbele, kwa sababu bustani ya namna hii ikiwa na nidhamu kamili inakosa utamu. Njia nikaipinda mara mbili, ingawa ua wenyewe unauvuka kwa hatua kumi na tano.

Waridi la kupanda niliweka moja tu, ukuta wa kulia, kwenye jua. Hapa ndipo wengi mnakosea. Mnaliacha lipande wima, kisha mnalalamika maua yako juu kwa jirani. Liinamisheni. Lifungeni likae kama mtu aliyelala ubavu. Kila jicho kwenye lile shina litatoa tawi, na kila tawi ua. Kamba nilizotumia ni zile za plastiki za marobota, ambazo Papa Dieudonné aliniletea mifuko miwili mizima.

"Mi niko naona, Maman," akasema akinitazama nikilifunga. "Unalikunja sawa mtu wa douane anakunja mufanyabiashara."

"Tofauti na forodha, hili litachanua."

Alicheka mpaka akakalia ndoo ya mboji.

Mwaka mpya wao ulipopita, nikapata zawadi ambayo sikuitegemea. Kila nyumba ilikuwa imenunua miti ya vichungwa vidogo ndani ya vyungu, mapambo ya sikukuu. Wiki mbili baadaye miti yote iko kando ya barabara inangoja gari la taka, mizima kabisa, imechoka tu. Mimi na Papa Dieudonné tulikwenda na toroli lake la marobota, tukarudi nayo tisa. Nikaipunguza mizizi, nikaitia udongo mpya, nikaipanga kandokando ya ukuta wa nyuma, ambako saa tatu za mwanga ziliitosha. Yote tisa iliishi.

Mwezi wa tatu bustani ikachanua kwa mara moja, kama iliyopewa ishara. Kosmosi zilifika mabegani. Mboga ya A-po ambayo hatukuwahi kuivuna yote ilitoa maua ya manjano, akajifanya ndivyo alivyopanga tangu mwanzo. Waridi lilifunika nusu ya ukuta kwa rangi ya pinki iliyofifia. Majirani walifungua madirisha tena, safari hii hawakuyafunga.

Na asubuhi moja, saa mbili na nusu, nikasikia lori mlangoni.

Walikuwa wanaume sita. Walibeba mifuko ya simenti mabegani, wakapita sebuleni bila kubisha hodi, msimamizi wao mbele na karatasi mkononi. Zuhura alikuwa ameshika mlango akilia, "Subirini! Subirini!" kwa lugha zote alizonazo. Mwana wa A-po alikuwa amerudi kimya kimya kutoka kazini kwake na kuwatuma watu kama alivyoambiwa mwaka mzima nyuma. A-po hakuwahi kumwambia kuwa mambo yamebadilika.

Nilisimama katikati ya njia na koleo langu. Nilikuwa tayari kupigwa.

Msimamizi akafungua mlango wa nyuma, akapiga hatua moja, akasimama. Wenzake wakamgonga kwa nyuma. Mmoja akashusha mfuko wake chini polepole, kwa adabu, kama mtu aliyeingia msikitini na viatu. Mwingine akatoa simu akapiga picha. Msimamizi akampigia bosi wake, na Zuhura akanieleza baadaye alichosema: "Bosi, una hakika na anwani? Hapa pana bustani."

Hapo A-po akatokea. Alikuwa na ndara, nywele hazijachanwa, kijiti cha kulia chakula bado kimo mkononi. Aliwapita wale wanaume kama ng'ombe anavyopita nyasi.

"Bu yao! Bu yao!" Hatutaki!

"Laoban ndiye aliyetutuma," msimamizi akajitetea, yaani bosi, akimaanisha mwana wa A-po.

A-po akajipiga kifua kwa kile kijiti. "Laoban ni mimi!"

Sikuhitaji kutafsiriwa. Wale wanaume wakainamisha vichwa, na mmoja akaanza kucheka, wote wakafuata, na Zuhura naye akacheka huku machozi hayajakauka. Lakini A-po hakuwa mtu wa kuacha simenti iende bure. Aliwaamuru wamjengee ngazi tatu pana na nguzo ya kushikia, pale mlango wa nyuma ulipokuwa na mshuko mkali, ili magoti yake yamshushe uani bila msaada. Walimaliza siku hiyo hiyo. Nikawapa chai ya mchaichai na maandazi. Msimamizi aliomba mbegu za kosmosi, nikamfungia kwenye gazeti.

Dada mkaguzi alikuja wiki iliyofuata na upawa wake. Alipekua kila chungu, akachungulia mtungi, visamaki vikamjia vikidhani ameleta chakula. Akachota mara tatu. Maji matupu. Akaandika kwenye karatasi yake, akavua kitambulisho, akakaa dakika kumi chini ya waridi. Alipoondoka alikuwa na tawi la mnanaa kwenye chupa ya maji.

Maonyesho ya biashara ya Pazhou yalipofunguliwa mwezi wa nne, hatukuwa na kitanda kitupu hata kimoja. Wageni waliokuwa wanakimbilia Guangyuan Xilu walirudi, wakaleta na wenzao. Papa Dieudonné alihamishia ofisi yake uani. Alizungumza na viwanda huku amekaa kati ya kosmosi, na niliwahi kumsikia akimwambia mtu kwa sauti nzito kwamba yuko kwenye bustani ya nyumba yake ya pili. Nikamwacha.

Mkataba ulipofikia mwisho, A-po alikuja na dada zake watatu. Aliwashusha ngazi mmoja mmoja, akawaonyesha kila tuta, akieleza kwa mikono kama aliyeyachimba peke yake, na kwa kweli nusu aliyachimba. Kisha akaweka karatasi mpya mbele ya Zuhura: miaka mitano. Sharti lilikuwa moja, akalitamka akinielekezea kidole mimi. Dada yake mkubwa naye ana ua nyuma ya nyumba, umejaa mabati. Nianze lini?

Nilianza Jumatatu. Baada ya ule nikafanya wa jirani mmoja, kisha wa shule ndogo mtaa wa pili, kisha nyingine ambazo baadhi yenu mmezikuta na mnapigia picha za harusi. Mtu niliyepewa saa ya ukutani nikaage kazi, nikaipata kazi iliyokuwa bora kuliko zote. Nimeiacha mwaka huu tu, kwa hiari yangu, nikiwa bado nimesimama.

Lakini siku ninayoihesabu kuwa ya ushindi haikuwa na lori wala mkataba. Ilikuwa Jumapili baada ya maonyesho kwisha. Nilikuwa nakata maua yaliyokauka, nikasikia hatua kwenye ngazi. Zuhura alishuka na khanga na mkeka, bila viatu. Tangu nifike Guangzhou sikuwahi kumwona asubuhi akiwa hana haraka.

"Leo siendi Shahe, Mama," akasema.

"Marobota?"

"Yatangoja."

Akatandika mkeka kando ya waridi, akajilaza ubavu, akajifunika khanga. Nikamwambia asogee kidogo, amelalia mrehani wangu. Alisogea bila kufungua macho, na kabla sijamaliza tuta moja alikuwa amelala, kinywa wazi, kama alivyokuwa akilala mgongoni kwangu nikipalilia Lushoto.

Simu yake ikalia. Ikalia tena. Mara ya tatu nikaichukua taratibu, nikaiweka ndani ya chungu kitupu, nikafunika kwa ubao, nikaendelea kupogoa.